Siku Zisizohesabika za Fundi Redio

Siku fundi redio alipofariki ilikuwa Jumanne, na dada yake alikuwa dukani akitoa fotokopi. Mashine ilikuwa imekwama. Alikuwa ameinama, mkono mmoja ndani yake, simu ilipoita kutoka hospitali. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, akaitoa karatasi iliyokwama vipande vipande, kisha akamalizia nakala za mteja aliyekuwa akisubiri. Ndipo akafunga duka.

Ile asante ilimsumbua kwa muda. Lakini haikuwa nzito kama lile jingine.

Miezi mitatu kabla ya hapo mdogo wake alikuja dukani akiwa amenyoa ndevu, ameishika mikono yake mwenyewe ili isitetemeke.

"Dada," alisema, "matangazo yote ya mji huu yanapita mikononi mwako. Hujaona kikundi cha watu wanaoacha pombe?"

"Sijaona."

"Hata cha mbali?"

"Ningekiona si ningekwambia, mdogo wangu? Wewe anza kwa kulala mapema."

Akacheka, maana alikuwa mwepesi wa kucheka, akarudi kwenye redio zake. Chini ya kaunta aliyokuwa ameiegemea, karibu kabisa na magoti yake, zilikuwepo nakala arobaini za tangazo la kikundi hicho. Dada alizitoa yeye mwenyewe kila mwezi. Alijua siku, Alhamisi. Alijua saa, kumi jioni. Alijua mahali, stoo ya zahanati. Tatizo ni kwamba zahanati ilitazamana na nyumba ya watu waliokuwa wamekuja kumposa binti yake, na watu hao hawakuwahi kukutanishwa na mjomba. Dada alikuwa na mpango: harusi ipite kwanza, halafu atamwambia.

Fundi redio alitafuta kivyake. Aliuliza sokoni, stendi, kwa kinyozi. Wengi walidhani anatania wakamwelekeza baa, na mara mbili tatu alikwenda. Alipokufa, harusi ilikuwa imebaki wiki tatu. Waliisogeza mbele kidogo kwa ajili ya msiba, ikafanyika, watu wakala wakashiba.

Alhamisi ya saba baada ya mazishi, saa tisa na nusu alasiri, aliingia dukani. Alivaa suti waliyomzika nayo, imeshika udongo mabegani. Palikuwa na wateja wanne.

"Kaka, kuna foleni hapa," alisema mwalimu mmoja aliyeleta mitihani. Fundi redio akaomba radhi, akaenda nyuma. Zamu yake ilipofika akamuuliza dada yake swali lilelile.

Dada akampa tangazo. Alilisoma lote, pamoja na namba ya simu.

"Kumbe kipo."

"Kipo siku zote."

"Basi twende, Dada, tusichelewe."

Akalikunja tangazo, akalitia mfukoni. Dada alikuwa amejiandaa kwa matusi, na njia nzima aliyasubiri.

Stoo ilikuwa na maboksi ya glavu na viti vya plastiki kumi na kimoja. Mwenyekiti, muuguzi mstaafu, alimwonyesha mgeni kiti, akamwandika daftarini. Pale kwa wengine palipoandikwa dereva wa lori au mpishi, kwake aliandika marehemu. Utaratibu wao ulikuwa kila mtu ataje siku alizokaa bila kugusa pombe, wenzake wapige makofi, na hesabu iandikwe.

"Arobaini na nne," alisema fundi redio.

Dereva wa lori akapiga mluzi. "Huyu atatuaibisha! Mimi nina thelathini, tena za jasho."

Wakacheka, naye akacheka. Muuguzi hakuandika kitu.

"Mwanangu," alisema, "tunahesabu siku ambazo ungeweza kunywa ukaacha. Hizo zako hukuweza."

"Ni kweli, Mama."

"Ungetufikia ukiwa hai, leo tungekuwa mbali."

Dada alisimama karibu na mlango. "Mwandikieni hata moja," alisema. "Kosa ni langu. Aliniuliza nikamficha."

Muuguzi alimtazama bila ukali. "Kosa lako tunaweza kuliandika, mama. Siku zake hatuwezi."

Akaandika sifuri. Wakapiga makofi, kwa kuwa pale hata sifuri hupigiwa makofi, na fundi redio akainamisha kichwa kuyapokea.

Tangu hapo huja kila Alhamisi, na dada hufunga duka mapema ili ampeleke. Dada ameomba mara nne ile sifuri ibadilishwe. Muuguzi humsikiliza, humpa maji ya kunywa, huandika sifuri.

Upande wa pili wa barabara, mama mkwe wa binti yake hukaa kibarazani akichambua mboga.

"Mkwe, kila wiki zahanati! Kuna nini?"

"Presha tu, mkwe."

"Pole sana. Na huyo kaka ni nani?"

"Huyo? Ananisindikiza tu."

Fundi redio humwamkia yule mama kwa adabu, kisha humshikia dada yake mlango.