Jibu la Viru

Kambale alibana simu begani, akapeleka kidole kwenye kompyuta, kidole kikakataa kubonyeza. Kule Papua, upande wa pili wa dunia, bibi kizee alikuwa anangoja kusikia sauti ya marehemu mdogo wake, Viru. Sauti hiyo haikuwepo tena. Kambale mwenyewe ndiye aliyeifuta.

Kitovira hakikuwahi kuwa na wasemaji wengi. Ndugu zake, lugha mbili za ng'ambo ya mto, zilikwisha kufa, na sasa chenyewe kilibaki kinywani mwa bibi huyo, Ewope, peke yake. Lugha ya ajabu hiyo: haina m wala n, sauti zote hupita mdomoni, pua haina kazi. Hifadhi moja ya sauti hapa Stockholm ilimwajiri Kambale, mtoto wa Butembo, asafishe kanda kuukuu za lugha hiyo ili kila konsonanti ipimwe bila bughudha. Ndani ya kanda Ewope, binti mbichi wakati huo, alisimulia hadithi, na kila alipotua Viru alidakia, "Oe!" Akaharibu vipimo. Kambale akamkata, oe moja baada ya nyingine, na mapengo akayaziba. Kanda zenyewe zilishaota ukungu, zikatupwa.

Jamani, yeye wa kukosea hivyo! Mama yake hakuwahi kutamba ngano bila kuitikiwa. Watoto wakinyamaza, naye alinyamaza. Na siku hizi, nyumbani Akalla, pembezoni mwa Stockholm, Kambale akianza ngano wanawe humwitikia kwa Kiswidi, au hawaitikii kabisa.

"Bwana Kambale, tunasikiliza," alisema Anselmo kwa Kiingereza. Alikuwa mwalimu, mume wa mjukuu wa bibi.

Akabonyeza. Sauti ya Ewope ikamiminika bila kituo. Bibi akafoka.

"Anauliza, ni mwendawazimu gani huyu anayeongea peke yake?"

"Ni yeye mwenyewe," Kambale alijibu.

Bibi akaanza kusimulia hadithi ileile, taratibu, kwa sauti iliyochakaa. Akatua. Akangoja.

Aibu ilimchoma Kambale hadi machozi yakamlenga. Jibu alilijua, alilisikia mara nyingi mno kabla ya kulikata. Akasogeza simu mdomoni.

"Oe!"

Bibi hakuendelea. Alinong'ona na Anselmo kwa lugha yao ya sokoni.

"Anasema ameshaelewa," Anselmo alisema. "Viru angekuwemo humo, usingeitikia wewe."

"Mwambie anisamehe. Mwambie nilidhani..."

Bibi alitamka neno moja la Kitovira, fupi, akalirudia. Kambale alizisikia sauti zake zote, safi, hakuna kilichoziingilia.

"Amesema nini, mwalimu?"

"Hilo silijui, bwana."

"Tafadhali, muulize."

"Ameshanyanyuka. Anakwenda zake."