Kifungu cha Nne cha Wasia Wangu

Sanda yangu nilirudi nayo kutoka Makka mwaka 1998, na tangu siku hiyo imo katika sanduku dogo la kijani juu ya kabati letu la nguo, hapa Selly Oak, Uingereza. Pamoja nayo nimeweka karafuu maiti, pamba, na wasia nilioupiga chapa mwenyewe, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, saini za mashahidi wawili chini. Kwa miaka ishirini na sita nilifanya kazi katika kiwanda cha vipuri vya magari, na jioni nikienda shule ya usiku mpaka nikapata vyeti vitano, kimoja cha biolojia. Nilijiona mtu asiyeweza kufa bila mpango. Kifungu cha nne cha wasia kinasema kwamba nikifa anioshe Mwadini, na asinishike mwingine.

Mwadini ni mwenzangu wa kuosha maiti. Msikitini kwetu akifa mwanamume tunaitwa sisi wawili. Yeye ni Mpemba, dereva mstaafu, aliyeendesha basi namba 11 kuuzunguka mji huu miaka kumi na tisa. Mambo haya yalipotokea, mwaka 2009, alikuwa na miaka sabini na moja, mimi sitini na saba. Huniita Mwalimu, na si kwa heshima.

Mwezi wa Machi tulimwosha rafiki yetu Suhaib. Anayeosha hasemi alichokiona. Nitasema tu lile ambalo kila aliyebeba jeneza alilijua: Suhaib, ambaye zamani akisimama mlangoni hupiti, alikuwa mwepesi. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Saratani ya utumbo, iliyogunduliwa imeshachelewa.

Tulipomaliza tulikaa ndani ya gari la Mwadini nje ya msikiti. Akamimina kahawa ya tangawizi kutoka kwenye chupa, akanipa kikombe.

"Ile bahasha umeirudisha?" akauliza.

"Bahasha gani?"

"Ya mavi."

"Sheikh, adabu!"

"Adabu gani? Tumetoka kumwosha mtu mzima sasa hivi, mikono bado yanukia karafuu maiti, na weye waona haya kwa neno?"

Ilikuwa kweli bahasha ninayo. Miaka ile serikali ilianza kuwapelekea watu wa miaka sitini hadi sitini na tisa kipimo kwa posta. Ndani mna vijiti vidogo na kadi yenye vidirisha sita. Unakinga choo chako kwenye chombo, unapaka kidogo kwa kijiti, siku tatu mbalimbali, unafunga, unarudisha kwa posta, nao wanatafuta damu ambayo jicho haliioni. Kijitabu chake nilikisoma mara tatu, kamusi pembeni. Kisha nikaificha bahasha nzima nyuma ya vitabu vyangu vya biolojia. Maisha yangu yote nimejitoharisha kwa maji, leo nije nitume najisi kwa posta, na jina langu juu yake?

"Nani kakwambia?"

"Mkeo kamwambia mke wangu. Na Suhaib naye alipelekewa. Mjane wake kaikuta juzi ndani ya droo ya soksi. Haijafunguliwa."

Nilikunywa kahawa. Ilikuwa ya moto mno, lakini niliinywa.

"Mimi niko tayari," nikasema. "Sanda ninayo, wasia nimeandika. Siku yangu ikifika, imefika."

"Ikifika nitakuosha kwa mikono miwili. Lakini mtu aliyeficha bahasha nyuma ya vitabu, mie simwoshi. Nitoe kwenye wasia."

"Huwezi kukataa. Mashahidi wametia saini."

"Mie sikutia. Watakuosha watu wa kampuni ya mazishi, wenye glavu, wasiojua hata jina la baba yako."

Nilimcheka. Yeye akawasha gari, na mpaka tunafika kwangu hakucheka.

Nilikaa kitandani nikilitazama lile sanduku la kijani. Mazishi yangu nilikuwa nimeyaona akilini mara nyingi: safu zimenyooka, hakuna mvua, watu wanaambiana kwamba Khatib alijipanga. Katika picha ile natoka kwenye kiti changu moja kwa moja naingia kwenye sanda. Suhaib hakwenda hivyo. Majira yote ya baridi nilikuwa nikimtembelea hospitali, nikimwona anavyopungua, halafu narudi nyumbani nalifuta vumbi sanduku langu. Kifo nilikiandikia vifungu kumi na viwili. Ugonjwa sikuuandikia hata mstari mmoja.

Nikateremka jikoni.

"Shemsa, lile kopo la aiskrimu liko wapi?"

"Lenye sambusa?"

"Tupu."

"La nini?"

"La serikali."

Mke wangu alinitazama, akaelewa, akakaa kwenye ngazi akicheka mpaka mtandio ukamteleza. Kisha akacheka tena huku akifuta machozi, na sikujua kama yalikuwa ya kicheko tu.

"Chukua la vanila," akasema. "Na ukimaliza, baba Feisal, usinirudishie jikoni!"

Siku tatu nilifanya kazi yangu kwa utaratibu, tarehe nikiandika kwa kalamu nzuri. Siku ya nne nilikwenda kwenye sanduku la posta la barabara yetu, nikatazama kulia na kushoto kama mwizi. Wanafunzi wawili wakapita wanakula chipsi. Nikaitumbukiza.

Majibu yalikuja baada ya siku kumi na moja. Damu imeonekana, nifike kliniki. Nilimsomea Shemsa barua ile kwa sauti niliyokuwa nikiitumia shuleni, sauti ya mtu anayejua. Nilipofika kwenye neno damu, karatasi akaishika yeye.

Nesi aliyetupokea aliitwa Kulwinder, binti wa mmoja wa Masingasinga wa kiwandani kwetu, nikaja kugundua. Nilikuwa nimeandika maswali kumi na moja kwenye daftari. Alijibu tisa, na mawili akasema atamuuliza daktari. Hilo lilinipa nguvu kuliko maneno yote ya kunifariji. Nikanywa dawa waliyonipa ya kusafisha tumbo, nikashinda chooni kutwa nzima, na kesho yake wakaingiza kamera yao ndogo kuutazama utumbo. Niliwaomba nitazame kwenye televisheni yao. Nilivyokuwa na hamu ya kujua, nikasahau kuona haya. Vinyama viwili vilikuwa vimeota ndani, kimoja kama zabibu. Wakavikata pale pale.

"Vingeachwa?" nikauliza. Hili lilikuwa swali la kumi na mbili.

"Hiki kikubwa, baada ya miaka michache, kingeweza kugeuka saratani," daktari akasema. "Sasa hakipo."

Wiki mbili baadaye barua ikathibitisha: haikuwa saratani. Nilikwenda kwa Mwadini nayo mfukoni. Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akanirudishia.

"Alhamdulillahi. Nirudishe kwenye wasia."

"Sikukutoa. Na weye yako ulirudisha lini?"

"Mie hawaniletei. Umri umepita."

"Ukurasa wa nne wa kijitabu. Aliyevuka sabini anapiga simu, wanampelekea. Bure."

"Ah, Mwalimu, mie nimeshakuwa mzee. Niache."

"Kifungu cha nne kina jina lako peke yako. Ukitangulia, nani ataniosha?"

"Tafuta mwingine."

"Na weye nani atakuosha? Maana mtu aliyekataa kupiga simu, mimi simwoshi."

Mkewe, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, alikuja akaiweka simu mapajani mwa mumewe. Namba nilimsomea mimi.

Bahasha yake ilifika wiki iliyofuata. Shemsa alimpelekea kopo, la stroberi, limeoshwa na kufungwa utepe. Mwadini alilalamika siku zote tatu: vijiti ni vifupi, vidirisha ni vidogo, Waingereza wamelogwa. Siku ya nne alinipitia, tukaenda kwenye sanduku la posta pamoja. Aliitumbukiza haraka, kisha akabaki amesimama.

"Wanakuja kuchukua saa ngapi?"

Nikasoma kibao. "Saa kumi na moja na nusu."

Alitazama saa yake. Ilikuwa kumi na moja na robo.

"Basi tungoje," akasema. "Nataka nimwone akiichukua."

Tukangoja, wazee wawili na makoti yetu, mpaka gari jekundu la posta lilipokata kona.