Koti Lenye Pasipoti

Mume wangu ni fundi cherehani, na fundi huyu haamini mikoba. Mkoba unaporwa, husema, bitana ya ndani ya koti haiporwi. Ndiyo maana tulipokwenda likizo nchi ya watu, likizo yetu ya kwanza tangu tuoane, alivaa lile koti lake zito ninalolichukia kama mke mwenza.

Mji wa kwanza ulikuwa mlimani. Baridi kali, barabara zimenyooka, watu wanapanga foleni ya mkate bila kusemezana utadhani wamefiwa. Siku ya kuondoka, mzee wangu akiwa bafuni, nilimpa koti mama aliyekuwa akitusafishia chumba, maana kila asubuhi alideki huku anatetemeka. "Chukua, dada, mzee karidhia," nikamwambia. Mungu anisamehe. Mzee alipouliza, nikasema nimelipakia begini.

Mji wa pili ulikuwa bondeni. Joto, muziki, madirisha wazi, wachuuzi wanaitana kwa matusi ya kupendana. Nikasema hapa ndipo. Tulipofika chumbani mzee akafungua begi, akapekua mpaka chini.

"Koti liko wapi?"

"Nimeligawa. Joto lote hili, koti la nini?"

Akaketi kitandani taratibu. "Pasipoti zetu zimo ndani ya bitana."

"Ala! Na hukuniambia?"

"Mdomo wako hauna mlango, mama watoto."

Ndege yetu ilikuwa kesho yake. Nyumbani binti yetu alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza, na aliniapisha nisikose kuwa naye. Nilimpa mzee vidonge vyake mpaka pumzi ikaniishia. Kisha tukakimbilia basi la kurudi mlimani. Saa tatu za kupanda, kila kona namlaumu, kila kona najilaumu. Yeye anatafuna ukucha.

Tulimkuta yule mama kwenye ukumbi anadeki, koti limemfika magotini. Kutuona tu akaangusha fagio la kudekia.

"Jamani, mmerudi! Nimewauliza mapokezi namba yenu, hawana. Kuna kitu kigumu hapa ubavuni."

"Hukufungua?" mzee akauliza.

"Mshono kama huu, baba, aliyeushona ana sababu yake. Nikasema nitamngoja mwenyewe."

Nikaketi palepale kwenye sakafu ya maji, nikalia, nikacheka, nikalia tena. Alhamdulillahi, nitamwona mjukuu wangu!

Mzee aliomba wembe, akafumua, akatoa pasipoti. Nikadhani atalichukua koti lake. Wapi! Alichomoa sindano aliyoichomeka kwenye ukosi wa shati, akarudisha bitana, akapunguza mabega, akapandisha mikono, akamvalisha yule mama. "Sasa limekukaa," akasema.

Ndani ya basi la kushuka aliniwekea pasipoti zote mbili mapajani.

"Mama watoto, hati ya nyumba imo ndani ya mto."

"Mto upi?"

"Huo unaolalia."

Miaka ishirini na sita nimeulalia! Angetangulia yeye kaburini, ningeutupa mto na nyumba pamoja. Nilitaka kupiga kelele, lakini nilimwona midomo inamcheza, nikamshika mkono.

"Na vingine?"

Akavuta pumzi, akaanza kunitajia kimoja kimoja. Mpaka tunashuka kituoni, alikuwa hajamaliza.