Dawa ya Priscah Yaingia Nasari

Priscah wa Soy hakuwa mtu wa kujishusha. Kwa miaka thelathini alikuwa amewachemshia watu magome ya miti kama dawa. Basi bintiye Jerop, mtafiti wa chuo kikuu mjini Eldoret, alipomwambia kwamba gome lake limejaribiwa mara mbili kwenye seli za saratani bila kufua dafu, alivaa viatu vya kanisani akaenda kujionea mwenyewe.

Katika maabara alionyeshwa oveni ya kukaushia.

"Kwani hapa mnaoka mkate?" aliuliza. "Gome halionyeshwi moto wala jua. Linakaa kivulini siku tisa. Mama yangu angewachapa nyinyi wote!"

Jerop alicheka, lakini aliandika.

Wiki sita baadaye alipiga simu. "Mama, zimekufa! Seli nyingi sana zimekufa!"

Priscah akapiga vigelegele mpaka ng'ombe wakaacha kula. Alijivuna, na kwa nini asijivune?

Habari hazina miguu lakini hufika. Jumapili alikuja rafiki yake Mwihaki, muuza viazi wa Burnt Forest, na chupa tupu mkononi. Alikuwa na saratani ya titi, na Jumanne alitakiwa kuanza dripu ya dawa za saratani hospitalini.

"Mama Jerop, huko hospitali siendi. Nipe ile yako imeshinda kansa."

Hakuna aliyewahi kumwamini Priscah kiasi hicho. Moyo ulimvimba kwa raha, kisha hofu ikamshika. Jerop alikuwa amemweleza vizuri: zile seli zilikufa kwenye kisahani, si mwilini mwa mtu. Hata chumvi ikizidi huua seli za kisahani.

"Sikiza, Mwihaki. Dawa yangu ndio kwanza imeingia nasari. Itasoma miaka mingi, na hiyo shule najivunia sana. Lakini mtoto wa nasari hatumwi vitani."

Mwihaki alianza kulia. "Na ikimaliza shule kama mimi sipo?"

Swali hilo lilimchoma Priscah. Aliichukua ile chupa, akaiweka kando.

"Ndio maana Jumanne tunaenda. Mimi na wewe."

Jumanne asubuhi walikuwa wa kwanza kwenye foleni. Muuguzi aliandika jina la Mwihaki, akamgeukia Priscah.

"Na wewe, Mama, ni nani wake?"

"Daktari wake wa miti shamba," Priscah akajibu, chumba kizima kikasikia. "Nimemleta mwenyewe."