Vyoo Kwenye Nyumba Kubwa

Walitaka kuweka vyoo chumbani kwa mama yangu. Nasema wazi, maana watu hapa Bunda wanazunguka wakisema nimekataa maendeleo.

Baba yetu alijenga nyumba mbili za mawe enzi za pamba. Moja ya mama yangu, Benedikta, mke mkubwa. Ya pili ya mama mdogo Mbuke. Zinatazamana. Baba alishafariki, wajane wapo, na salamu zao ni za kulazimishana. Shirika moja likataka kuzikodi ziwe ofisi, ziunganishwe kwa ukumbi wenye paa, na wajane wahamie kwa dada yetu anayeishi Bweri. Nikakubali.

Ndipo Prudence, msanifu wao, akatandaza ramani juu ya boneti ya gari lao. Kwa Mbuke, ofisi ya mkurugenzi. Kwa mama, vyoo na stoo.

"Nyumba ya mke mkubwa ndiyo choo?" nikauliza.

"Ni mteremko tu, mzee. Maji taka yanaelekea huku."

Stanislausi, mtoto wa Mbuke, akacheka. "Kaka, hata wakubwa wanaendaga choo."

"Basi wachimbe kwa mama yako."

"Kwa mama hakuna mteremko."

"Watatumia mdomo wako."

Kwetu, nyumba ndogo haigawiwi hata nyama kabla ya nyumba kubwa. Nikamwambia Prudence akunje ramani yake. Ukuta wa mama hauguswi. Na bila nyumba zote mbili, hakuna mkataba.

Mama alikuwa barazani kwake anachambua dagaa. Hakuinua kichwa.

"Huo ukumbi wa katikati ni mpana?"

"Mpana, mama," Prudence akasema.

"Weka vyoo hapo."

"Mama, hapo ndipo baba alipokuwa akikaa," nikasema.

"Ndiyo hapo hapo. Alikuwaga anaweka kiti, sisi wote tumepika, tunangoja aamue leo anakula kwa nani."

Kutoka baraza ya pili Mbuke akapaza sauti: "Na akishashiba kwako, anakuja kunitukana eti changu kimepoa."

"Unasikia, binti? Mke mwenzangu naye amesema. Viwe vingi."

Wakacheka wote wawili, kila mmoja barazani kwake. Prudence akatoa penseli.

Stanislausi akanisogelea, uso umemshuka. "Kaka, kataa. Huyu ni baba."

Hata mimi nilitaka kukataa. "Kamkatalie mama yako," nikamwambia. "Wangu ameshasema."