Bomba la Chumba cha Chini

Nyanjige alipohamia Bariadi kutoka Lalago, magoti yake yalikuwa yameshakataa kuchuchumaa. Binti yake Justina alikuwa amenunua nyumba ambayo haijamalizika kujengwa, kwenye mteremko, na chumba cha chini, kile ambacho nusu yake imezama ardhini, akampa mama yake na kumwahidi choo cha kukaa. Mwenye nyumba wa kwanza alikuwa ameacha bafu dogo humo, na bomba nene la maji taka limechomoza sakafuni, limezibwa kwa gunia.

Fundi Salu akaja asubuhi na choo kipya ndani ya boksi. Akamwamkia bibi kwa Kisukuma, akimwita mayu, yaani mama, akang'oa gunia, akapima umbali kutoka ukutani, akaridhika. Nyanjige, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, hakuliondolea macho lile tundu. Akauliza linakwenda wapi.

"Kwenye chemba ya nyuma, mayu. Kutoka pale, shimoni."

"Umeyaona maji yakifika?"

Salu akakubali kwamba hakuyaona. Nyanjige akaomba bluu ya kufulia, wakaikoroga kwenye ndoo, wakaimimina. Bomba likameza yote. Salu akazunguka nyuma, akafunua chemba, kile kishimo cha kukagulia maji taka, akaikuta kavu. Wakamimina ndoo nyingine, kavu vilevile.

Justina alionelea waendelee tu, kwa sababu maji yanakwenda, na kwenda ndiyo kazi ya bomba. Lakini mama yake alikuwa ameshashika fimbo. Akateremka polepole hadi nje ya uzio, akichungulia majani kama mtu aliyepotelewa na ndama, mpaka kwenye viazi vitamu vya jirani yao Bundala. Katikati ya matuta udongo ulikuwa umelowa, rangi ya bluu. Kwanza alifurahi kama mtoto. Halafu akakumbuka sahani ya viazi ambayo Bundala aliwaletea juzi.

"Njooni mwone," akaita.

Sasa Salu naye akataka kujua kwa nini. Akajaza maji kwenye mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ncha moja akamshikisha Nyanjige bafuni, nyingine akaenda nayo kwenye chemba. Maji yalipotulia usawa mmoja kwenye ncha zote mbili, jibu likaonekana: chemba ilikuwa juu kuliko sakafu ya bafu. Aliyejenga aligundua hilo akiwa amechelewa, akalielekeza bomba kwa jirani kimyakimya.

Justina akaenda mwenyewe kumweleza Bundala, na yule mzee akashukuru kuambiwa kabla choo hakijaanza kutumika. Salu akalikata bomba ndani ya uzio, likachimbwa shimo jipya upande wa mteremko, wakayapitisha maji tena hadi wote watatu wakayaona yakidondokea humo. Ndipo choo kikakalishwa juu ya mpira wake wa kuzuia uvujaji, kikakazwa kwa skrubu, kikazungushiwa saruji nyeupe, nayo ikaachwa ikauke.

Siku ya kukizindua, Nyanjige alikaa ndani muda mrefu hadi Justina akaingiwa na hofu, akagonga. Akasukuma mlango.

Mama yake alikuwa amesimama, amevaa vizuri, ameshika ukuta. Mfuniko wa tangi la choo alikuwa ameulaza sakafuni.

"Subiri," alisema bila kugeuka. "Kuna kiboya humu kinapanda na maji. Nataka nione kinajuaje pa kusimama."