Bampa Iliyonyooka

Mume wangu Kataliko alikuwa mtu wa kupanga vitu. Dukani kwake hata makopo ya sardini yalitazama upande mmoja, na mimi nilimtania kwamba siku akifa ataamka kwanza alinyooshe jeneza. Lakini mwaka ule, majeshi mawili ya kigeni yalipogawana Kisangani kama shamba la baba yao, tabia hiyo ilinitia hofu.

Kila mwenye gari mjini alijua la kufanya: kulichakaza. Askari walichukua gari lolote lenye sura ya kutembea, na halikurudi. Pikapu yetu ilikuwa imepona kwa sababu moja tu. Bampa ya mbele ilining'inia upande mmoja, karibu iguse ardhi, tangu Kataliko alipogonga mti ulioanguka barabarani. Askari wa kizuizi cha pale kona walipita mbele ya ua wetu kila siku, wakaicheka, wakaenda zao.

Tuliihitaji kwa safari moja. Binti yetu Prudence alikuwa na mimba ya kwanza, mtoto amekaa vibaya tumboni, na mkunga alituambia bila kuficha: uchungu ukianza, akimbizwe hospitali apasuliwe, la sivyo tutawapoteza wote wawili. Hospitali ilikuwa mbali. Mumewe, Hugues, alikuwa amekwama Isangi tangu boti zilipoacha kusafiri.

Bampa nilikuwa nimeifunga kwa kamba. Asubuhi moja Kataliko alipolisogeza gari kidogo uani, kamba ikakatika, chuma kikakwaruza tairi.

"Kamba haiweze," akasema, akiitikisa bampa. "Tukiingia mu shimo, parechoc itaingia chini ya pneu. Tutabakia mu njia na mutoto."

"Bon, funga na waya. Lakini usiinyooshe, Papa Prudence. Iache na sura yake mubaya."

"Kazi ya nusu ni kazi gani?"

"Hiyo ya nusu ndiyo inatulinda!"

Hakunisikia. Alikata kipande cha chuma kwenye kitanda kikuukuu, akakifanya kishikizo kipya. Bampa akailaza juu ya gogo, akaigonga kwa nyundo mpaka ikanyooka, kisha akaikaza kwa bolti, akirudi nyuma kila mara kuipima kwa jicho. Hapo ingetosha kabisa. Yeye akachukua kitambaa na mafuta ya taa, akaisugua ikang'aa, akaendelea na taa, akaendelea na vioo.

Prudence alikuwa amekaa mlangoni, miguu imevimba. "Papa," akacheka, "unanipeleka ku maternité ao ku harusi?"

"Unapashwa kufika muzuri, mwanangu."

Kisha akaitoa pikapu barabarani, aone kama bampa itashika kwenye mashimo. Ilishika vizuri sana. Askari watatu wakainuka pale kona.

"Kumbe ni nzima!" mmoja akasema. "Mzee, leta funguo."

Kataliko alipiga magoti kwenye vumbi. "Chef, binti yangu anakaribia kuzaa. Ninakuomba."

"Kesho tutairudisha."

Uchungu ulianza jioni ile ile. Tulimpakia Prudence nyuma ya toleka, baiskeli ya abiria ya jirani yetu Dominique, yeye akiisukuma, mimi na Kataliko tukimshika huku na huku. Kila kizuizi tulisimamishwa, tukajieleza, tukasubiri. Damu ilishuka mpaka kwenye spoki. Mwanangu alikuwa akiniita, baadaye akawa ananifinya mkono tu, baadaye hakunifinya tena.

Hospitalini daktari alimgusa shingoni, akampapasa tumbo, akatikisa kichwa, kisha akatazama baiskeli. "Hamukuwa na gari?"

"Ilikuwa," Kataliko akajibu. "Niliitengeneza."

Akaanza kulia kwa sauti, na wanawake waliokuwa pale wakamzunguka kumpa pole. Mimi sikumsogelea. Askari niliwachukia kama mji mzima ulivyowachukia. Yeye nilimchukia peke yangu, na ilinibidi nirudi naye nyumbani.